Talaka Iliyokatwa na Mvua

Majina yote ninayo. Ya wanawake wote wa mustari wetu wa ngoma, kuanzia yule wa kushoto mwenye jino lililovunjika mpaka yule wa mwisho ambaye hakuwahi kushika mupigo hata siku moja. Ya wapigaji ninayo. Hata jina la mbuzi aliyekula kilemba cha mama wa ngoma ninalo. Lakini hapa siandiki jina la mutu. Wengi wamekwisha kulala, na aliyelala haulizwi ruhusa. Na jina moja nisingeweza kuliandika hata ningetaka, kwa sababu ningekuwa nimejiandika mwenyewe. Yeye na mimi tulikuwa na jina moja. Kwa hiyo tangu udogo tuliitana somo, kama wanavyoitana watu wenye jina moja, na Kasongo nzima ikatuita hivyo, somo na somo. Ukimuita mumoja, wanageuka wawili.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji, wakati ambao hata furaha ilitaka karatasi. Mukitaka kupiga ngoma kubwa, wazee wanaenda teritware, ofisi ya wilaya, kwa muzungu wa serikali, wanasimama juani, wanarudi na ruhusa. Ngoma yetu ilikuwa ya wanawake wa mutaa wa Waislamu. Ilikuja na bibi zetu zamani, pamoja na misafara ya Waarabu, na ilichezwa alasiri, mupunga ukiisha kuvunwa. Wanawake wanasimama mustari, kila mumoja na vipande viwili vya muti vya kugonganisha, miguu inasogea kidogo tu, shingo imetulia. Mbele ya mustari wanatangulia wawili, bwana na bibi. Wote wawili ni wanawake. Bwana anavaa kanzu, kizibao na kofia, fimbo mukononi. Bibi anavaa vikwembe vipya, vitenge vya kwetu, na wanja. Bwana anaposa, bibi anakataa, bwana anaposa tena, bibi anakubali, wanaoana mbele ya watu, vigelegele.

Mimi nilikuwa murefu, tena mukavu kama fito. Nikapewa kanzu. Somo alikuwa na mashavu, na macho ya mutu aliyeficha sukari kinywani. Akapewa ubibi.

Mama wa ngoma, mwanamuke muzee aliyeijua ngoma ile kuliko wote, alitufundisha nyuma ya nyumba yake, na sauti yake ilikuwa kama chungu kinachosuguliwa kwa muchanga.

"Wewe! Bwana hachezi kiuno!"

"Sichezi, mama."

"Kiuno chako kinasema. Kinyamazishe! Bwana anatembea kama mutu anayejua kwamba nyumbani sombe ya majani ya muhogo imekwisha kuiva. Hakimbii, hatikisiki."

Nikiwa peke yangu niliweza. Nilikata uwanja kutoka huku mpaka kule, na wanaume waliokaa barazani wakasema mutoto huyu anatembea kutushinda. Lakini somo akinijia, macho chini, vipande vyake vya muti vikilia taratibu, mwendo ulinipotea, fimbo ikaburuta chini.

"Bwana amelegea!" wenzetu wakapiga kelele. "Bwana leo hajakula!"

"Amekula," somo akajibu bila kuinua macho. "Anataka kuongezewa."

Katika ngoma yetu bibi ndiye anayemuvalisha bwana. Kanzu ile ilikuwa na vifungo vitatu shingoni, vidogo, na tundu za vifungo zilikuwa zimekazwa kwa uzi mupya, kwa hiyo kazi haikuwa ya haraka. Somo alisimama mbele yangu akifunga kimoja kimoja. Alinuka sabuni ya mawese na moshi wa jiko. Siku moja akafunga, akafungua, akafunga tena. Nikamuuliza, "Kimekataa?" Akasema, "Kimekubali. Mimi njo nimekataa."

Tulipendana. Ninaandika neno hilo wazi ili asiyejua ajue. Si kama ndugu, si kama majirani. Tulipendana kama wanavyopendana bwana na bibi, na kanzu ikivuliwa tulipendana vilevile. Tulitwanga muchele pamoja, michi miwili katika kinu kimoja, na hatukugongana hata mara moja. Hapo watu wangeweza kujua. Lakini watu walitazama muchele.

Na jambo hilo lilikuwa mwiko. Mwiko wenyewe haukuwa na jina, ulikuwa na njia tu. Walisema "mambo ya wale wa Nyangwe." Zamani, kabla hatujazaliwa, bwana na bibi wa ngoma hii hii walikataa kuachana. Ngoma ikaisha, wao hawakuisha. Wakaenda zao Nyangwe, wakavuka muto, hawakurudi. Tangu siku hiyo mama za ngoma wakaweka sheria: ndoa inayofungwa uwanjani ifunguliwe uwanjani. Muchezo ukiisha, ngozi ya ngoma ingali moto, bwana anasema mara tatu, "Ngoma imekwisha, nimekuacha," na bibi anajibu, "Nimeachika." Kanzu inavuliwa hapo hapo.

Mimi nimemuacha somo mara nyingi kuliko mwanaume yeyote wa Kasongo alivyoacha wake zake. Na kila mara, njiani kurudi, alininong'oneza, "Leo umeniacha vizuri sana, bwana. Utanirudia saa ngapi?"

Halafu mvua ikaja.

Ilikuwa ngoma kubwa, muzungu wa teritware ameketi kwenye kiti chake, na polisi wawili wamesimama kando yake. Tulikuwa tumekwisha kuoana, mustari unazunguka mara ya mwisho. Mvua ya kwetu haibishi hodi. Ilimwagika mara moja. Muzungu akakimbia na kofia yake, polisi wakakimbia na kiti, wapigaji wakakumbatia ngoma zao kama watoto. Somo akanishika mukono, tukaingia katika hangari ambamo wakulima walileta pamba yao, ile waliyolazimishwa na Wabeleji kulima. Magunia yamejaa, mengine yamepasuka. Mabati yanapigwa na mvua mpaka mutu hasikii mawazo yake.

Akaniwekea mudomo sikioni.

"Bwana, hujaniacha."

Nikakumbuka. Kweli, sikuwa nimesema.

"Sijakuacha," nikasema.

"Basi usiniache."

Mvua ile ilikaa muda murefu. Nisiongeze neno.

Ilipoisha tukatoka, kila mutu anacheka, anakamua nguo, na sisi tunacheka zaidi ya wote. Shangazi yake somo, aliyemulea baada ya mama yake kufa, akatusimamisha. Hakupiga kelele. Akanyosha mukono, akatoa kitu cheupe katika nywele za somo. Akatoa kingine katika nywele zangu. Akanigeuza mugongo, akatoa cha tatu. Akaviweka vitatu katika kiganja.

"Pamba hii," akasema, "imepandwa wapi?"

Kesho yake kanzu ikachukuliwa. Nikakatazwa kufika kwenye kinu kile. Baada ya wiki chache tukasikia kwamba shangazi amekubali posa kutoka Kabambare. Mwanaume alikuwa mufanya biashara wa chumvi na samaki wakavu, mwenye baiskeli, aliyefiwa na muke. Kabambare wakati ule ilikuwa mbali kama mwezi. Wanawake wa Kabambare wangekuja kumuchukua bibi arusi, na mimi ningebaki Kasongo na jina langu.

Wakaja watatu. Mukubwa wao alikuwa mama wa bwana arusi, wa kabila la Wabangubangu, mwili mukubwa, na kicheko kilichoanza tumboni na kuchukua muda kufika juu. Walikaa vizuri mpaka siku ya pili, siku ambayo mwanamuke mumoja wa ngoma ya wapinzani wetu alipita kwa salamu. Salamu yake ilikuwa hii:

"Karibuni, mama. Lakini kwenu munachukua muke wa mutu?"

"Muke wa nani?"

"Waulize. Ameolewa uwanjani, watu wote wameona, muzungu wa teritware ameona. Hakuachwa. Mvua ilikata talaka."

Wapinzani wetu walikuwa hodari wa kucheza, lakini kwa mudomo walikuwa hodari zaidi.

Shangazi akaenda kwa mwalimu wa musikiti. Mwalimu akacheka, akasema huo ni muchezo, hakuna ndoa wala hakuna talaka. Lakini wanawake hawakutaka sheria ya mwalimu, walitaka sheria ya ngoma. Mama wa ngoma akasema kweli, kwa sheria yetu mutoto huyu angali na bwana. Na bwana ni mimi.

Sasa uone. Mutu ambaye hakuruhusiwa hata kusogea kwenye kinu, mutaa muzima ukaanza kumubembeleza. "Sema tu, mutoto. Maneno matatu." Nilikataa siku kumi na moja. Mama yangu akalia. Baba akasema atanipeleka shambani nisirudi. Siku ya kumi na mbili somo akapita kisimani, ndoo kichwani, hakusimama, akasema kama anayesema na ndoo:

"Ukisema, nitaenda. Usiposema, watakufungia, nami nitaenda vilevile. Sema, somo. Lakini sema vizuri."

Sikujua maana ya vizuri. Nadhani hata yeye hakujua.

Tukakusanyika asubuhi katika uwanja wa shangazi. Mustari wote wa ngoma yetu ulikuwapo, na wapinzani walikuja "kutusaidia." Wageni wa Kabambare waliketi kwenye mukeka. Somo alikaa katikati yao, kikwembe kimefika machoni. Mama wa ngoma akapiga ngoma mara moja kwa kiganja.

"Ngozi imepoa," akasema. "Talaka hii ni ya baridi. Tuseme kama kawaida, tumalize."

"Hapana," shangazi akasema. "Kama kawaida sitaki. Itajwe kwa majina, kama mbele ya mwalimu. Jina la anayeacha, jina la anayeachwa. Kesho nisisikie neno."

Mama wa ngoma hakupenda kufundishwa ngoma. Akamutazama, akaweka ngoma chini.

Nikasimama. Kanzu sikupewa, kwa hiyo nilivaa kikwembe changu cha kila siku, lakini nilitembea mwendo ule, mwendo wa sombe iliyoiva, kiuno kimya. Nikafika mbele yake.

"Mimi," nikasema, nikataja jina, "nimekuacha wewe," nikataja jina.

Nikalisikia likitoka mara mbili. Lile lile.

Nyuma kabisa alikaa bibi kizee mwenye masikio mazito.

"Nani ameachwa?" akauliza.

Wakamutajia jina.

"Na aliyemuacha nani?"

Wakamutajia jina.

"Eh! Amejiacha mwenyewe? Mutu anaweza?"

Kicheko kikaanzia kwa wapinzani, kikaruka kwetu. Shangazi akasimama. "Rudia! Onyesha kwa kidole!"

"Kidole hakimo katika talaka," mama wa ngoma akasema, taratibu, akimutazama jicho kwa jicho. "Ulitaka majina. Umepata majina. Mutoto, endelea. Mara ya pili."

Nikasema mara ya pili, wakaanguka. Mara ya tatu sijui kama kuna aliyesikia. Yule wa mwisho wa mustari, ambaye hakuwahi kushika mupigo, alicheka akichelewa, peke yake, na hapo wote wakaanza upya. Chini ya kikwembe mabega ya somo yalikuwa yanatetemeka, na mimi nikafikiri analia. Halafu akakohoa, nikajua.

Mama wa Kabambare aliacha kicheko chake kikapanda mpaka juu. Akafuta macho.

"Basi," akasema. "Sisi tumekwisha kusikia talaka mara tatu, na kila mutu ameachwa na kila mutu. Mimi ninamuchukua mukwe wangu. Neno moja tu. Kwetu bibi arusi hafiki peke yake. Anakuja na somo yake, wa kumukalisha na kumufundisha nyumba. Anakaa siku saba. Somo yake ni nani?"

Kwa sababu wasomaji wengine si wa kwetu, nieleze. Somo ni mwenye jina lako. Na somo vilevile ni mwanamuke mukubwa, aliyeolewa, anayejua dunia, anayemusindikiza bibi arusi. Neno moja, kazi mbili. Lakini mama wa Kabambare aliuliza swali, na wanawake wa Kasongo, wanaojua kujibu swali, wakanyosha mikono wote pamoja kunielekea.

"Somo yake ni huyu!"

"Si somo ya namna hiyo!" shangazi akapiga kelele. "Ni somo wa jina! Huyu hajaolewa, huyu anajua nini?"

"Somo ni somo," mama wa Kabambare akasema. "Munamuita somo, hamumuiti somo?"

"Tunamuita, lakini..."

"Basi. Mutoto, funga muzigo."

Shangazi alitaka mambo yaishe, na wageni walikuwa wamesimama. "Siku saba," akasema, kidole puani pangu. "Siku saba tu, umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Tulitembea kwenda Kabambare siku nyingi, mizigo kichwani, na sikumbuki kuchoka. Ninakumbuka kwamba mama wa Kabambare alitangulia mbele na hakugeuka nyuma hata mara moja, na kwamba kila mahali pa kulala alituonyesha mukeka mumoja.

Siku ya saba daraja la njiani likawa limevunjika kwa mvua. Lilipotengenezwa, mupunga ukawa umeiva, na mama mukwe akasema hawezi kuachia mikono miwili wakati wa mavuno. Mupunga ulipoingia ghalani, somo akawa na mimba, na bibi mwenye mimba haachwi bila somo yake. Shangazi alituma watu. Mama mukwe aliwapikia kuku, akawarudisha na salamu. Baba yangu alituma mudomo mukali, naye akarudishiwa samaki.

Bwana wa nyumba alikuwa wa njiani zaidi kuliko wa nyumbani. Nisiseme kwamba sikuumia. Kila wiki aliyorudi nililala kwa mama mukwe, nikihesabu fito za paa. Lakini hakuwa mutu mubaya, wala hakuwa kipofu. Siku moja alitukuta tunatwanga, michi miwili, kinu kimoja. Akaegemeza baiskeli, akatazama sana. Akasema, "Watu wengine wana wake wawili wenye kugombana. Mimi nina muke mumoja mwenye mikono minne." Akaingia ndani kutafuta chakula.

Mwaka wa tatu, ili kufunga midomo, akanioa mimi pia. Mwalimu wa Kabambare alifungua daftari, akauliza jina la bibi arusi. Akaambiwa. Akarudisha kurasa nyuma, akavua miwani.

"Lakini huyu umekwisha kumuoa."

"Ndiyo, mwalimu," bwana akasema. "Nimemupenda tena."

Hivyo njo nilivyokuwa mama wa watoto ambao sikuwazaa na bibi wa wajukuu ambao hawajui yupi alizaa nani. Wakiita, tunageuka wawili. Na ngoma tuliifundisha Kabambare, kanzu na vipande vya muti na mwendo wa sombe. Wasichana wa hapa wanaicheza mpaka leo. Lakini mimi niliifundisha bila talaka mwishoni. Wazee wakiuliza kwa nini inaisha hivyo, ninasema Kasongo inaisha hivyo, siku za mvua.

Mama mukwe nilimuuliza mara moja tu. Alikuwa amezeeka, tunamuogesha, somo anamupaka mafuta miguuni. Nikasema, "Mama, siku ile Kasongo, ulikosea neno au ulijifanya?"

Kicheko kikaanza tumboni, lakini hakikuwa na nguvu ya kufika juu.

"Mimi pia nilikuja huku na somo yangu," akasema. "Yangu ilikaa siku saba kweli."

Somo akaendelea na mafuta, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Tangu siku hiyo mama mukwe, akiamka, alituuliza, "Leo siku ya ngapi?" Na sisi tunajibu, "Ya tatu, mama." Anaridhika kwamba ya saba bado, anakunywa chai. Alipotutoka tukabaki kuulizana wenyewe.

Sasa ninaandika barazani, na somo amekaa karibu yangu anachambua muchele. Meno hana, macho anayo yale yale. Amenitazama tangu asubuhi.

"Jina langu umeandika?"

"Sikuandika."

"Vizuri. Basi na lako hukuandika." Akapuliza pumba. "Leo siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Wewe! Mwaka jana ulisema ya tatu."

"Hesabu sikusoma sana, somo."

Amecheka. Ameweka ungo chini, amenyosha mukono, ananifunga kifungo cha shingo, maana upepo umeanza na mvua iko karibu.